Sanduku la funguo tatu: kumbukumbu ya mradi wa kikundi cha hisa, wiki ya 1 hadi ya 50

Kabla ya wiki ya 1. Kikundi ni cha watu 25 wanaonunua hisa kila wiki, wanaokopeshana fedha hizo na kuzigawana mwisho wa mzunguko. Sanduku lake ni la bati nene, kazi ya fundi wa kuchomelea, pete tatu za kufuli. Ndani: vitabu 25 vya wanachama, mhuri, pedi ya wino, kalamu ya bluu na nyekundu, kalkuleta, vifuko viwili vya kitambaa (kimoja cha hisa na mikopo, kingine cha mfuko wa jamii, yaani wa kusaidiana kwenye shida) na bakuli mbili za kuhesabia fedha.

Kufuli ndizo zilizoleta kazi. Za bei rahisi zikitoka katoni moja, ufunguo wa hii huweza kufungua na ile. Hapa mbili kati ya tatu zilifunguana. Dawa ni kuchanganya aina na kujaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli kabla ya kutoka dukani. Vinginevyo kuwa na watunza funguo watatu ni mapambo tu.

Wiki ya 1. Uchaguzi: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Watunza funguo watatu hutoka nje ya kamati, na wasiwe ndugu wa mtunza sanduku. Kila nafasi ilikuwa na wagombea wasiopungua wawili; kila mgombea na kopo la rangi yake nyuma ya kanga iliyotundikwa, kila mpiga kura na punje moja ya harage. Mikono ikinyooshwa hadharani, watu humwangalia kwanza mwenye duka wamjue anampa nani.

Kiongozi wa kitongoji hafai kuwa mwenyekiti wa kikundi, hata akiwa mwadilifu. Akichelewa, nani atamtoza faini? Njia ya kinyume ndiyo yenye tija: aliyeongoza vikao 48 mbele ya watu wenye fedha zao ameshajifunza kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na ataidai hiyo hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Wiki ya 2 hadi ya 5. Hisa Sh 2,000. Kila mtu hununua moja hadi tano kwa wiki. Kikomo cha tano kinamzuia mwenye uwezo asilimeze kundi. Mfuko wa jamii Sh 500 kwa kichwa, sawa na Sh 12,500 kwa kikao.

Utaratibu hauruki: wanachama hukaa kwa namba, mmoja mmoja anaitwa, anataja hisa zake kwa sauti, fedha zinaingia bakuli, mihuri inagongwa mbele yake. Akinunua tatu, nafasi mbili za mhuri zilizobaki kitabuni zinapigwa mstari mwekundu papo hapo. Nafasi tupu ni mlango wa wizi, kwani mhuri ukigongwa baadaye haujulikani ni wa lini. Vitabu vinalala sandukuni, haviendi nyumbani kwa katibu "akamalizie kuandika".

Mwisho wa kikao salio la kila mfuko linatajwa mara tatu, wote wanalikariri. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kuliuliza kabla kifuko hakijafunguliwa. Wiki ya 4 daftari lilipishana na vichwa vya watu kwa Sh 6,000. Fedha zilipohesabiwa, vichwa vilikuwa sahihi. Katibu alikuwa ameruka hisa tatu za mtu mmoja.

Wiki ya 6 hadi ya 36. Mikopo: kiasi kisizidi mara tatu ya hisa za mkopaji, riba 5% kwa mwezi kwa deni lililobaki, muda miezi mitatu. Hapa ndipo vikundi vingi vya wakulima hukwama. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mkopo wa mbolea ya kukuzia wa Januari unadaiwa Aprili, mahindi bado mabichi shambani. Mtu anakopa kwa jirani alipe kikundi, kisha anakopa kikundi amlipe jirani. Mikopo ya sandukuni iende kwenye dagaa, vitunguu, kuku, chochote kinachozunguka ndani ya wiki chache. Mbolea inunuliwe kwa gawio la mwisho wa mzunguko, ndiyo maana mzunguko ulianza Desemba mwanzoni ili uishe Novemba, kabla ya kupanda.

Usajili ulipita halmashauri, kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018: katiba, muhtasari, orodha ya wanachama. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) hauna riba, lakini usiingie sandukuni. Ukichanganywa na hisa, gawio halihesabiki.

Wiki ya 37 hadi ya 49. Hakuna mkopo mpya. Madeni yanarudi, sanduku linanona, na hatari ya kuvamiwa nayo inapanda. Kila kinachozidi Sh 500,000 kinapelekwa benki, akaunti yenye watia saini watatu.

Wiki ya 50. Hisa zote 3,600, sawa na akiba ya Sh 7,200,000. Riba na faini Sh 1,260,000. Jumla Sh 8,460,000 kugawa kwa 3,600: kila hisa Sh 2,350. Mwenye hisa 140 aliweka 280,000, anaondoka na 329,000. Mfuko wa jamii haugawanywi, unavuka mwaka.

Watunza funguo wamebadilishwa, na kufuli zote tatu pia. Ufunguo uliokaa mwaka mzima nyumbani kwa mtu huenda una pacha.