Mto Pacha

Usingizi umegoma tena. Tangu uishe mchezo wetu wa Jumamosi, ule wa mezani wa kuigiza wahusika katika ulimwengu niliobuni, neno moja linanizunguka kichwani: "Sawa."

Mto Pacha umo kwenye ramani ya ulimwengu huo. Ndio mto wa kwanza niliouchora, kabla hata sijaamua ulimwengu ule una miungu wangapi. Unashuka kutoka kwenye theluji ya kaskazini, unafika katikati ya milima, halafu unagawanyika: mkono mmoja unaelekea bahari ya magharibi, mwingine ya mashariki. Falme mbili zinakunywa mto mmoja. Vita vyote nilivyobuni kwa miaka hii chanzo chake ni pale kwenye panda.

Jumamosi tulikuwa watano mezani. Mtoto wa kaka, ambaye mhusika wake ni nahodha wa mtoni, alikuwa ameiinamia ramani kwa muda mrefu, akiufuata mto kwa ncha ya penseli kutoka baharini kurudi juu. Penseli ikasimama kwenye panda.

"Shangazi, hapa maji yanagawanyikaje?"

"Kivipi?"

"Mito si huungana? Na hapa ni mlimani. Maji yatafuata upande wenye mteremko mkali zaidi, yauchimbe, mpaka ule mwingine ukauke."

Nikamjibu macho yakiwa kwenye karatasi zangu. "Ni uchawi. Rusha dadu."

"Sawa."

Akarusha. Dadu ya pande 20 ikasimama kwenye 17, mtumbwi ukavuka salama, wenzake wakashangilia. Yeye akairudisha penseli kwenye mkebe, akabana kifuniko, na hakuigusa tena mpaka tulipoondoka. Nikifumba macho ndicho ninachokiona: kidole gumba kikikandamiza kile kifuniko.

Wiki hii nimethibitishwa kazini, na kaka hatimaye amehamia kwake. Nimeshukuru kwa yote mawili. Lakini usiku narudi mezani pale pale.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lile lilikuwa la uongo hata kwa sheria zangu mwenyewe. Niliandika mwanzo kabisa kuwa uchawi una gharama: kila anayeutumia hupoteza kumbukumbu moja, na hairudi. Basi mto unaogawanywa kwa uchawi, usiku na mchana, miaka mia tatu, nani anaulipia? Ingebidi pawe na kijiji kizima pale mlimani cha watu wasiojua tena majina ya mama zao. Hakipo. Sikuwahi kukifikiria. Nilitumia uchawi kumnyamazisha mtoto aliyekuwa ameuamini ulimwengu wangu kiasi cha kutaka kuupigia kasia.

Jana nikaingia kusoma habari za mito, na nakiri nilikuwa natafuta wa kunitetea. Nikampata! Mto Casiquiare, kusini mwa Venezuela, unachomoka kwenye mto Orinoco, unasafiri zaidi ya kilomita 300, unaingia mto Rio Negro, na Rio Negro unamwaga maji yake mto Amazon. Mto mmoja, mabonde mawili makubwa. Mwaka 1800 mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt aliupita kwa mtumbwi. Nikasimama kabisa kwenye kiti.

Kisha nikasoma sababu. Pale ardhi ni tambarare, na mwinuko kati ya mabonde yale mawili ni mdogo mno kuyazuia maji. Mlimani ni nadra sana. Kwa hiyo binti yetu alikuwa sahihi, na mto wangu bado unawezekana, mradi niuhamishe.

Nimeuhamisha. Nilifuta panda pale mlimani na kuishusha kusini kwenye uwanda, na kila kitu kikaanza kutembea chenyewe. Ile ngome ya mawe haina kazi tena, mpaka wa falme sasa ni kinamasi na matete. Vita havihitaji majeshi: fundo la tope na magogo likiziba mdomo wa mkono mmoja, ufalme mzima unaona kiu. Wanaoishi kinamasini ndio wanaojua ni wapi pa kuchimba, na falme zote mbili zinawabembeleza. Sijawahi kuwa na watu hawa. Wamezaliwa na swali la mtoto.

Leo asubuhi nimempigia picha ramani, pale kwenye panda nimepaacha peupe, nikamwandikia: "Nilikujibu vibaya na mto ulikuwa na kosa. Nahodha, nichoree hapa."

Baada ya saa moja akajibu: "Shangazi, kiangazi maji yakipungua yanabaki mkono upi?"

Sijui bado. Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko barua ya kazini.

Jioni mama amenipa simu nimsomee ujumbe. Ni mara ya tatu wiki hii, na miwani alikuwa ameivaa. Nilipomuuliza akasema taa ya sebuleni imefifia. Taa ile nimeibadilisha mwezi uliopita.