Mishubiri Yangu na Unyevu wa Unguja

Ukisoma maelezo ya mimea ya majani manene kama mshubiri, ile inayoweka akiba ya maji ndani ya majani na mashina, utaambiwa ni mimea ya wavivu: imwagilie mara mojamoja, basi. Walioandika hivyo wengi wanakaa nchi zenye hewa kavu. Mimi nakaa ghorofani Mji Mkongwe, ambako chumvi hulowa ndani ya kikopo na nguo za masika hazikauki. Hapa adui si kiu.

Mingi ya mimea hii hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, ili jua lisiinyang'anye maji. Sasa usiku wa Unguja hewa yenyewe imeshiba unyevu. Mmea unapoteza maji kidogo sana, unakunywa kidogo sana, na udongo unabaki mbichi siku nyingi. Mizizi inaoza huku majani bado mazuri.

Ndiyo maana nguvu zangu niliziweka kwenye udongo. Miche ya kununua mara nyingi huja na udongo mweusi wenye samadi, mzuri kwa mchicha; mimi naukung'uta wote. Mchanga wa pwani siugusi kwa ajili ya chumvi. Naomba wa kujengea kwa mafundi, nauchekecha, ule laini unaopita nautupa, nabaki na ule mnene wa juu ya chekeche. Sehemu mbili za huo, sehemu moja ya udongo, na konzi ya chenga za mkaa. Makumbi ya nazi wengi huyasifu, lakini kwa mimea hii naona yanashika maji kupita kiasi. Chungu kiwe cha udongo, kisichopakwa rangi, chenye tundu chini: unyevu hutokea hata ubavuni. Ndoo ya plastiki hata uitoboe vipi haikupi hilo.

Kupima maji natumia kijiti cha mshikaki. Nakichomeka mpaka chini, nakiacha kidogo, nakichomoa. Kikitoka na udongo umeganda, simwagilii, hata juu pawe pamekauka kabisa. Kikitoka kisafi, namwaga maji mpaka yatoke chini, na kisahani nakimwaga palepale.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vyungu vyote huingia ndani, dirishani penye upepo, vikiwa vimeachana. Bibi wa nyumba ya chini aliniona navihamisha akaniita kutoka barazani: "Mwanangu, mvua yote hii ya Mungu, wewe unayafungia maua ndani?"

"Bibi, haya yanashiba kwa macho."

Alicheka sana. Lakini mjukuu wake alipofika kuachishwa ziwa, alijua pa kuja kutaka jani la mshubiri. Mshubiri huu wa kawaida asili yake ni milima ya Hajar kule Oman, kwa hiyo jua haliutishi. Ila kaskazi ikianza nautoa nje kidogokidogo, maana ukiutoa ghafla majani hugeuka mekundu. Vidudu vyeupe vyenye utando wa pamba navifuta kwa spiriti, na vyungu vya jirani navikagua pia.

Chumba cha ndani, kilichoelekea uchochoro, mishubiri hurefuka na kulegea kwa kutafuta mwanga. Humo nimeweka zamiokulka, mmea wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, ambao ng'ambo huuzwa kwa jina la Zanzibar. Maji yake umeyaficha kwenye viazi vyake chini ya udongo, na mwanga hafifu unautosha. Kuuzidisha ni kuchomeka jani dogo moja kwenye mchanga wenye unyevu mdogo, halafu subira. Miezi inapita hujaona kitu juu, huku chini kiazi kinajijenga. Utomvu wake huwasha mdomo na ngozi, kwa hiyo nimeupandisha juu ya kabati, mbali na watoto.