Tumepata mashine, tumeipata mashine

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwa baba mdogo Kirumba, Mwanza. Alikuwa na mtumbwi mmoja wa sangara. Usiku mmoja wavuvi wake walivamiwa ziwani upande wa Ukerewe, wakanyang'anywa mashine ya kuendeshea mtumbwi, wakarudi kwa kupiga kasia. Anayeishi na Ziwa Victoria anaijua hasara hiyo: mashine ikiondoka, nyumba nzima inakaa.

Baba mdogo alikuwa na rafiki Mzungu aliyewahi kufanya kazi Mwanza, kisha akarudi kwao Uingereza. Huyo aliahidi: tafuteni mashine iliyotumika, mkiipata nitawaongezea pesa. Baada ya wiki mbili za kuzunguka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ikapatikana moja, ya mtu wa Sengerema. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, nikatumwa mjini kwenye intaneti kafe kuandika barua pepe. Nikaandika: "We have found the engine."

Nakumbuka nilivyowaza mbele ya ile skrini. Nilikuwa nimekariri kwamba "a" na "an" maana yake ni "-moja", ya kuhesabu. Sasa nani asiyejua kwamba mashine ni moja? "The" nikaiona imekamilika zaidi, ina heshima.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Rafiki alifurahi mno kwamba mashine iliyoibwa imepatikana, akamshukuru Mungu. Pesa hakuzitaja tena. Nilipomtafsiria baba mdogo, alinyamaza, kisha akauliza, "Nani kamwambia imepatikana?"

Simlaumu Mzungu. Alisoma nilichoandika.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu wa Kiingereza karatasi niliyonakili barua pepe zile. Hakunicheka. Alichukua chaki akaandika ubaoni, kwa Kiswahili: "Tumepata mashine. Tumeipata mashine." Akaniuliza, ile iliyoibwa ingerudi, ningemwambia jirani sentensi ipi? Nikajibu ya pili, hata sikufikiri. Akaizungushia duara ile "i" katikati ya "tumeipata". "Umeona? Ulikuwa unajua tangu utotoni."

Nilisimama pale naitazama ile herufi. Miaka yote niliambiwa Kiswahili hakina kitu cha namna hii, kwa hiyo tukariri tu. Kumbe bibi anapoanza hadithi husema "palikuwa na mtu mmoja", na akishatufahamisha naye husema "yule mtu". Mwalimu akaniambia Kiingereza kilipita njia hiyohiyo: "an" ilizaliwa na neno la kuhesabu moja, "the" ikatokana na neno la kuonyeshea, kama "yule" wetu. Basi swali ni moja: ninayemwambia anajua ni kipi ninachokisema? Mzungu aliijua mashine moja tu, iliyoibwa. Nikisema "the", ataenda kwa hiyo.

Mengine ni ya sikio. "An engine", "an hour" kwa kuwa ile h haitamkwi, lakini "a university" kwa sababu inaanza na sauti ya "yu". Na mengine nilikariri tu, kwa maana sababu yake sijaiona hadi leo: bahari inasemwa "the Indian Ocean", lakini ziwa letu ni "Lake Victoria", halina kitu mbele.

Jioni hiyo niliandika upya, kwamba tumepata mashine nyingine, siyo ile. Pesa zilikuja, lakini mtu wa Sengerema alikuwa ameshachoka kungoja, mashine kaiuza. Baba mdogo akaanza kuzunguka mwaloni upya.

Miezi miwili baadaye alinunua nyingine, tukaenda wote kumwandikia rafiki yake. Safari hiyo hakunituma peke yangu. Alivuta kiti akakaa pembeni yangu, yeye asiyejua neno la Kiingereza, akaifuata mishale ya kompyuta kwa macho. Kabla sijabonyeza kutuma akanishika mkono.

"Mwanangu, ile ndogo umeiweka?"

Nikamwonyesha kwa kidole: "We have bought an engine." Akainama karibu kabisa na skrini, akaitazama ile "an" kwa muda mrefu.