Siku niliyoomba advansi kwa mara ya kwanza

Mwisho wa 2020 nilimtengenezea mgombea mmoja wa ubunge mabango na kalenda, wiki 2 nzima silali vizuri, na kwa vile alikuwa ananiita "mwanangu" nikaona haya kumuomba hata shilingi ya kuanzia, nikaenda zangu Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nikalipia pleti za kuchapia na karatasi kwa hela yangu mwenyewe, 1,200,000, nyingine ya kukopa. Akaniambia tutamalizana baada ya kura. Tarehe 13 Januari jioni intaneti ikazimwa Uganda nzima, kesho yake watu wakapiga kura, mtandao ukarudi tarehe 18, mheshimiwa ameshindwa na simu yake haipatikani. Mpaka leo.

Nikarudi Bombo kwa mama. Mama ni fundi cherehani, anashona gomesi, yale magauni ya kina mama wa Uganda, na sijawahi kumuona anatia mkasi kwenye kitambaa kabla hajashika arbuni, hata aje jirani, hata aje shemeji. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza, akauliza tu, "Sasa karatasi za yule bwana ulinunua kwa hela ya nani?" Nikakosa jibu.

Mwezi wa 3 akaja mama mmoja wa Ntinda, anafungua mgahawa, anataka logo, menyu na bango la mlangoni. Tukapatana 700,000. Hapo moyo ukaanza kudunda. Nikamwambia, "Mama, naomba nusu kwanza ndo nianze, nusu nyingine ukishaona kazi, kabla sijakukabidhi mafaili."

Akanyamaza. Yaani kimya kile nakikumbuka vizuri, boda zinapita nje, mimi macho mezani.

"Na ukinitoroka?"

Swali la haki kabisa, hela ni ya kwake na hanijui. Nikachukua karatasi nikaandika kazi ni ipi, itaisha lini, masahihisho ni mara 2, na nisipoleta mchoro wa kwanza ndani ya siku 5 narudisha hela yote, nikasaini na namba ya kitambulisho juu. Akasoma pole pole, akarudia kusoma, kisha akatuma 250,000 kwa mobile mani, akasema ile 100,000 iliyobaki ataitoa akiuona mchoro. Nikakubali.

Usiku ule nikampigia mama.

"Umeshika ngapi?"

Nikamtajia.

"Haya, sasa kata kitambaa."