Mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Katika Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anasema: "Mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe." Aya inahusu kunyonyesha na haki za wazazi walioachana. Wiki hii nimeisoma nikimkumbuka mama mwingine, yule aliyeolewa na mtoto wa shangazi yake, akajifungua mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nyumba nzima ikamgeuka.

Huku Pwani tunawajua kina mama hao. Mtoto ana miezi saba, vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho yana umanjano, akiguswa tu analia. Mama mkwe anasema, "Kwetu hakuna maradhi haya." Kwao wapi? Mama mkwe huyo ndiye shangazi, dada wa baba yake bibi harusi. Siku ya harusi watu walishangilia, "binamu nyama ya hamu!" Leo mkwe amekuwa mtu wa kuja, na ugonjwa ni mkosi wake peke yake.

Jamani, selimundu haiji kwa mzazi mmoja. Ili mtoto augue, lazima arithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Anayeibeba kutoka upande mmoja huwa mzima, anaweza kuzeeka bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto mgonjwa, hata kama wa kwanza alishaugua. Mabinamu wana babu na bibi wale wale, kwa hiyo kilichojificha kwa babu ni rahisi kuwafikia wote wawili. Kule Bradford, Uingereza, kwenye familia nyingi zenye asili ya Pakistan, utafiti wa 2013 ulionyesha kuwa hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilipanda kutoka asilimia 3 hadi 6 wazazi wakiwa mabinamu. Imekuwa maradufu, na bado watoto walio wengi huzaliwa salama. Wanaotucheka kwamba "wale wanaoana ndugu" nao wasijione wamesalimika: Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wazazi wao hawana udugu wowote.

Ndoa hii ni halali. An-Nisaa aya ya 23 imetaja walioharamishwa, na mabinamu hawamo. Mtume (s.a.w.) alimuoa Zainab bint Jahsh, binti wa shangazi yake Umayma. Lakini halali si faradhi. Sisi tulio wengi Pwani ni Mashafii, na Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo, katika karne ya 13 aliandika kwenye kitabu chake Minhaj kuwa inapendeza mke asiwe jamaa wa karibu. Basi binti anayemkataa binamu yake kwa adabu asiambiwe anaringa au amekana damu yake. Ana pa kusimama katika fiqhi yetu wenyewe.

Wengine husema kupima damu kabla ya ndoa ni kuikimbia kadari. Khalifa Sayyidna Umar alipoacha kuingia Sham (Syria na jirani zake) kwa sababu ya tauni, sahaba mwenzake Abu Ubayda alimuuliza swali hilo hilo. Akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo wazee wetu, posa ikija, vijana wapimwe damu kabla haijajibiwa, wawe ndugu au wasiwe. Kipimo hicho hakigundui kila kitu, na hilo waambiwe mapema. Majibu yabaki kwao na wanaohusika, yasifike barazani. Na kama mtoto mgonjwa yumo nyumbani tayari, baba yake aseme mbele ya mama yake na dada zake kwamba maradhi haya yametoka kwake pia. Kisha mwezi huu ambebe yeye kwenda kliniki, apange foleni, na amsikilize daktari kwa masikio yake mwenyewe.