Kukhu, watoto na grupu ya WhatsApp: tunavyopanga likizo ya magharibi

Kwetu ukitaja likizo ya Disemba kila mtu anasikia Mombasa. Sina ubaya na Mombasa, lakini kutoka hapa Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, na safari hii tunaenda na Kukhu, yaani nyanya yetu, ambaye ameshavuka 80, magoti yanamsumbua na dawa za presha ni za kila asubuhi, alafu upande ule mwingine kuna kale kadogo ka miaka mitatu kasikojua kukaa kwa kiti. Katikati hapo weka wazazi wetu, sisi wenye kulipa, na vijana wa sekondari ambao shida yao kubwa duniani ni chaji. Kisumu ni kama kilomita 180 tu. Kwa hivyo nikaandika kwa grupu ya familia kwamba mwaka huu tuende magharibi, tulale Kisumu, tuzunguke mahali pa historia, na kabla sijaweka simu chini binamu ameshauliza, "Historia? Kwani tunaenda likizo ama tunarudi shule?" Baba mdogo wa Eldoret yeye alitaka tu kujua kama kutakuwa na swimingi puli.

Kukhu hayuko kwa grupu. Simu yake ni ile ya kubonyeza, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza kitu, watu walikuwa wanabishana juu yake kama mzigo wa kupangiwa pa kukaa kwa buti. Nikampigia. Akanisikiza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mkinifikisha Mumias mimi hata kesho niko tayari." Basi kesi ikaishia hapo, nani atapinga Kukhu.

Kabla ya kupanga mbali tulijaribu karibu. Sisi wa Nakuru tuko na Hyrax Hill hapo tu barabara ya kwenda Nairobi, mahali Mary Leakey alichimba kuanzia 1937, kuna makaburi ya watu wa kale, kuna mashimo ya makao ya zamani, kuna hata mashimo ya bao yamechongwa juu ya mwamba, na wengi wetu mara ya mwisho tulifika huko na basi la shule. Nikampeleka Kukhu na watoto. Kale kanyumba ka makumbusho alikapenda, ni nyumba ya zamani ya shamba, anaingia polepole, anasoma sura za vitu vizuri. Lakini kilima chenyewe alikitazama kutoka chini, akashika mkongojo wake vizuri, akatuambia tumletee picha. Watoto walipanda wakashuka wakapanda tena. Na hapo ndo nilijua hii tripu itapangwa vipi: usiniambie mahali ni pazuri kiasi gani ama pa zamani kiasi gani, niambie kwanza ni hatua ngapi kutoka kwa gari.

Sasa niko na kitabu cha mazoezi cha mtoto nimeandika kila mahali tunataka kwenda, na kwa kila moja naandika gari inafika wapi, kuna pa kukaa kivulini ama hakuna, na choo ni cha kukaa ama cha kuchuchumaa. Hilo la choo watu wanacheka lakini mtu wa magoti mabovu akichuchumaa hainuki bila watu wawili, na hataki hao watu wawili, kwa hivyo atakataa kunywa maji siku nzima kwa jua la Kisumu ndio asihitaji choo, na hapo umeshaharibu safari na presha pia. Nimepiga simu mahali pengi nikiuliza choo. Walinzi wananijua sasa.

Kwa hiyo hesabu ya hatua, namba moja ni jiwe la Ilesi, lile linalolia, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Unaliona ukiwa ndani ya gari! Nguzo ndefu ya mwamba imebeba jiwe lingine kichwani na maji yanatiririka kama machozi, na Kukhu hahitaji hata kufungua mkanda. Vijana washuke wakapige picha zao, sisi tunawangoja na karanga.

Makumbusho ya Kisumu nayo imefuata karibu sana. Ilifunguliwa 1980, iko mjini, njia ni tambarare, miti iko. Watoto wataenda moja kwa moja kwa nyoka na mamba na hiyo ni sawa, hakuna haja ya kulazimisha mtoto asome maandishi ya ukutani. Sisi wengine tutakaa kwa lile boma la Kiluo wamelijenga hapo ndani, Ber-gi-dala, lenye nyumba ya mke wa kwanza, za wake wadogo, simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, maghala na zizi, kila kitu mahali pake kulingana na mila. Najua vile itakuwa. Kukhu ataanza kulinganisha na boma la baba yake, hawa walikuwa wanaweka mlango hivi, sisi tulikuwa tunaweka hivi, na mamangu atambishia, na hao ndio watakuwa waongoza watalii wetu wa siku bila kulipa mtu. Kitu kimoja, viingilio vya makumbusho na mbuga siku hizi vinalipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo mtu mmoja alipie watu wote mapema, msisimame na mzee juani getini mkitafuta pin.

Kit Mikayi iko nusu nusu. Ni ile miamba mikubwa imepandana huko Seme, ukitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo kama kilomita 30. Wenye nguvu wanapenya katikati ya mawe na kupanda, wengine wanakaa chini kivulini wakisikiza hadithi ya mzee na mke wake wa kwanza. Lakini mkumbuke ni mahali pa maombi, waumini wa Legio Maria na wengine wanakuja kufunga na kuomba hapo, kwa hivyo kuna kijana mmoja kwetu, hajitambui, ambaye spika yake ya bluetooth itabaki Nakuru na hiyo si mjadala.

Mahali tumeteta kabisa ni Thimlich Ohinga. Mimi ndio nilikuwa naipigia kampeni. Kama hujawahi kuisikia, ni maboma ya mawe huko Migori, yalijengwa kama karne ya 16, kuta zinapanda mpaka mita 4 na zaidi na hakuna simenti hapo, hakuna udongo wa kushikisha, ni jiwe kukalia jiwe mpaka leo, na UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Milango yake ni mifupi makusudi ili adui aingie ameinama, shingo mbele. Sasa hebu fikiria unamwambia Kukhu ainame. Alafu kutoka Kisumu ni mbali, unapita Kisii ama Homa Bay, unamalizia na barabara ya vumbi, na ukienda na kurudi siku hiyo hiyo mtoto analia, mzee amevimba miguu, na hizo kuta mmeziona nusu saa. Anti yangu akasema twende tu, atakaa garini. Mimi nikakataa kabisa, kumsafirisha mzee masaa yote hayo aje kuangalia paking si likizo. Tukaamua siku hiyo familia igawanyike. Vijana na wenye miguu wanaondoka alfajiri na gari yao, wanalala Migori, wanarudi kesho yake. Wanaobaki wanakula samaki Dunga na kulala mchana. Na nimegundua watu wanaogopa sana kugawanyika kwa likizo, ati tuko pamoja lazima tuwe pamoja kila dakika, lakini familia kubwa ikikaa pamoja masaa yote lazima kuzuke kesi ya shamba.

Mumias ndio moyo wa safari, na bahati nzuri gari inafika mlangoni karibu kila mahali. Kukhu alizaliwa pande za Matungu kabla babu hajamleta Nakuru, na anasema alikuwa mtoto mdogo wakati Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alipofariki 1949. Mumia alikuwa ametawala Wanga tangu 1882, hebu fikiria, huyo mtu alimpokea Joseph Thomson, yule Mzungu msafiri, akipita 1883, na miaka miwili baadaye Askofu Hannington akapitia hapo akielekea Busoga ambako aliuawa. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa inapiga kambi kwake muda mrefu kabla ya reli, ndio maana Kiswahili na Uislamu viliingia Mumias mapema sana ukilinganisha na majirani. Mji ulikuwa makao makuu ya Wazungu pande hizo zote mpaka 1920 walipohamia Kakamega. Hizi zote nimesoma, lakini Kukhu ako na zake ambazo hazijaandikwa mahali, nani alioa kwa nani, nani alinyang'anywa ng'ombe, na nimeambia vijana kazi yao Mumias ni moja, kurekodi. Simu chini ya leso, usimwekee mbele ya uso, akiona kamera anaanza kuongea kama yuko kanisani.

Tutapitia kituo cha kitamaduni cha Nabongo, alafu kwa ndugu zake waliobaki, na hapo ratiba imeisha, usipange kitu kingine siku ya kutembelea ndugu wa mzee. Chai itakuja mara tatu na kuku atachinjwa mkiwa mmeshavaa viatu.

Alafu kuna Muhoroni, ambayo haiko kwa tangazo lolote la utalii duniani. Babu alikuwa mtu wa reli, East African Railways, kabla Jumuiya ivunjike 1977, na wakati mmoja alipelekwa stesheni ya Muhoroni. Hiyo ndio ile reli ilifika Kisumu Disemba 1901 na mji ukaitwa Port Florence, jina la mke wa Preston, yule injinia aliyesimamia utandazaji. Kwa hivyo wakati wa kwenda, badala ya kunyoosha kutoka Kericho mpaka Ahero, tutachepuka pale Awasi tupite Chemelil kwa mashamba ya miwa mpaka stesheni. Hakuna kitu cha kuona, wacha niseme ukweli, ni reli na majengo. Lakini baba yangu ambaye haongeangi kwa grupu aliandika siku hiyo, maneno matatu, "Hapo lazima tusimame." Sikuuliza.

Nyumba. Tulikataa hoteli sababu ya bei na sababu Kukhu hali chakula cha bafe, anaona ni matanga. Tunachukua nyumba nzima Milimani ya Kisumu, na nimejifunza usiamini picha. Mwenye nyumba nilimwomba atembee na simu akirekodi video, aanzie getini, apite mlango, aingie chumba cha chini mpaka kitandani, alafu kutoka kitandani mpaka bafuni, bila kukata. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana kwa picha na video ikaonyesha ngazi saba za mbele hazina pa kushika. Ya pili bafu lilikuwa na ukingo wa kuruka na taili za kuteleza. Hii tumepata ina chumba cha chini, choo ndani, na swichi ya taa mtu anaifikia akiwa amelala. Swimingi puli hakuna, Baba mdogo ameshaambiwa.

Gari ni HiAce ya kukodi na dreva wake, na stuli. Stuli ya mbao, fupi, inakaa chini ya kiti cha mbele, ndio Kukhu anakanyagia kupanda na kushuka, maana ile hatua ya HiAce ni juu kwake. Tunatoka asubuhi mapema ili Salgaa, ile ya ajali, tuipite kukiwa kweupe, na Mau Summit kukiwa na ukungu tusikimbizane na malori. Masweta yakae juu ya mizigo, huko kuna baridi ya kweli alafu masaa machache mbele mnavua kila kitu Ahero.

Na malaria, jamani. Sisi wa Nakuru tuko mita 1,850 juu ya bahari, mbu wetu ni wa kelele tu, Kisumu iko 1,130 hivi na kanda yote ya ziwa malaria iko mwaka mzima. Watoto wetu hawana kinga yoyote. Kukhu atasema yeye alikua nayo, lakini mtu akikaa nje ya huko miaka mingi ile kinga hupungua, kwa hivyo na yeye atalala kwa neti. Dawa za kuzuia tutamuuliza daktari wake wa kliniki kwanza, zisigongane na za presha. Na akirudi mtu na homa hata wiki kadhaa baadaye, apimwe, aseme alikuwa Kisumu. Ziwani watoto wataangalia na kupanda boti wakiwa na life jaketi, kuchezea maji ya ukingoni hapana, kuna kichocho, na viboko hawajui ni likizo.

Pesa tunachanga kwa anti mmoja, yeye ndio mweka hazina, kila mtu mzima na mtu wa miaka 12 kwenda juu ako na kiwango chake, Kukhu halipi. Amekasirika halipi. Ameniambia atakuja na jogoo wake, mzima, amefungwa miguu, ndio mchango wake, na dreva bado hajaambiwa. Dipoziti ya nyumba imeenda, ya gari inaenda wiki hii. Binamu wawili hawajatuma chochote na najua mnasoma hapa. Ijumaa saa sita, ama mtakaa nyuma kabisa na jogoo.