Siku moja maishani mwangu: nauza dawa za mitishamba

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kuuza dawa za mitishamba, kuna wanaoanza kuniogopa wakidhani napiga ramli, na kuna wanaosogea karibu wakinong'ona niwape ile inayotibu kila kitu. Ramli siijui, na dawa ya kila kitu haipo. Nauza majani, mizizi, magome, mbegu na maua, nimefundishwa, nimesoma na bado nasoma, kile nisichokijua sikiweki dukani. Naandika siku ya jana yote jinsi ilivyokwenda, maana watu wengi wanaona mitungi tu na lebo.

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanywa hata maji nakagua vilivyoanikwa. Majani naanika kivulini penye hewa, kamwe sio kwenye jua kali. Mchaichai, mnanaa, mrehani, faida yake kubwa iko kwenye yale mafuta yanayonukia, sasa ukiyapiga jua mafuta yanaruka yote unabaki na majani ya kahawia ambayo ukiyachemsha unapata maji ya rangi basi. Mizizi ni habari nyingine, lazima uikate vipande vyembamba kwanza, ukianika zizi nene zima litakauka nje huku ndani bado bichi, na kuvu inaanzia hapo hapo ndani usipoona.

Jana nilivunja kipande cha tangawizi katikati nikakuta vidoa vya kijivu. Nikanusa, ukungu kabisa. Nikavunja cha pili na cha tatu kutoka kona nyingine ya trei, vilevile. Nikamwaga trei nzima. Kazi ya siku kadhaa ile, na mtu angeweza kusema chambua vizuri uuze vilivyobaki, lakini kuna kuvu zinazotoa sumu ya kuharibu ini na sumu hiyo moto wa kuchemsha hauiondoi, sasa nichambue nini na kwa macho gani? Jalalani.

Saa 1 mpaka saa 3 ni kufagia, kutwanga, kuchekecha, kupima kwenye mzani, kufunga pakiti na kuandika lebo, jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe. Ukipita muda huo utaniona nimefunga leso puani, vumbi la manjano na pilipili manga sio la kuchezea.

Saa 3 asubuhi

Wateja wa asubuhi ni wepesi, nawapenda sana. Dada mmoja mjamzito, kichefuchefu kinamtesa, nikampa tangawizi, vipande vichache kwenye maji ya moto anywe kidogo kidogo, na nikamwambia amtajie mkunga wake kwamba anatumia. Tangawizi kwa kichefuchefu cha ujauzito imefanyiwa utafiti wa kutosha, ni moja ya vitu nikiuza moyo wangu umetulia. Akaulizia na shubiri kwa sababu choo kigumu, hapo nikamkatalia. Ile ute wa ndani ya jani la mshubiri ni wa kupaka ngozi, lakini yale maji ya njano machungu yanayotoka chini ya ganda yanaendesha tumbo kwa nguvu, mjamzito hayamfai kabisa. Sanamaki nayo sikumpa.

Akaja kijana ameshika shavu, jino. Karafuu. Ndani yake kuna mafuta yanaitwa yujenoli, yanatia ganzi kweli, ndio maana kwa wadaktari wa meno kuna vitu vinanukia karafuu. Nikamwambia hii itakutuliza leo tu, tundu liko palepale, nenda ukang'oe au ukazibe. Akaitikia huku anatoka, sijui kama ataenda.

Mzee wa mafua akataka mafuta ya mkaratusi anywe. Shikamoo mzee, haya hayanywewi, ni sumu yakiingia tumboni, chukua majani ujifukize, beseni likae vizuri mezani lisimwagike, na wajukuu wadogo wasiingie humo kwenye shuka. Akacheka akasema marahaba mwanangu, nimekuelewa. Dakika tatu tumemalizana.

Halafu kuna yule wa pakanga. Anajisikia homa, anaumwa viungo, anataka pakanga ya kuchemsha maana kasikia ndio dawa ya malaria. Hapa huwa sichoki kueleza. Ni kweli dawa ya malaria imetoka kwenye pakanga, ile aina ya Artemisia annua, mama mmoja wa China anaitwa Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini sikiliza alivyofanya. Walikuwa wanachemsha, majibu hayaeleweki, mpaka aliposoma maandishi ya kale ya tabibu Ge Hong yanayosema jani liloweke kwenye maji ulikamue, hakuna kuchemsha, ndipo akashtuka kwamba moto unaharibu, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, kuivuta ile dawa. Sasa wewe unaenda kuweka kwenye sufuria jikoni unatokosa, kiasi gani cha dawa kimo kwenye kikombe chako hakuna anayejua, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa malaria, kwa sababu hiyo hiyo ya kipimo na kwa hofu kwamba vijidudu vitazoea dawa. Nenda kapime damu kwanza. Alikwenda. Sikuuza kitu lakini ile ni kazi pia.

Saa 5, na hapa ndipo siku ilipoharibika

Aliingia baba mmoja wa makamo, kapendeza, amenyoosha. Hakusalimia. "Dada nipe ya presha." Watu walikuwa wanne wamekaa kwenye benchi wanasubiri. Nikamuuliza presha yake inasoma ngapi. Akasema yeye kaja kununua, hajaja kuhojiwa. Nikamwambia baba, mimi bila kuuliza siuzi, samahani lakini ndivyo ninavyofanya kwa wote. Akapumua kwa nguvu akasema 170 kwa 105, na kwamba anapewa vidonge kliniki lakini haishuki, inapanda tu, kwa hiyo ameamua vidonge anaviacha vinamchosha, anataka dawa ya asili asafishe mwili. Akatoa simu akaniwekea video, jamaa amevaa koti jeupe anasema majani fulani yanamaliza presha kwa wiki mbili na hospitali hawataki ujue. Sauti juu kabisa, duka zima linasikiliza, na video ndefu balaa, kila nikitaka kusema ananyoosha kidole subiri kwanza, subiri kwanza anakuja kusema.

Ilipoisha nikasema kuacha vidonge ghafla kuna hatari, vingine ukiviacha siku moja presha inaruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Akasema hivyo ni kemikali, za asili zimetoka kwa Mungu hazina madhara. Neno hili nalisikia kila siku na kila siku linanichoma, kwa sababu linadharau mimea yenyewe. Nikamwambia kwinini, ile dawa ya malaria, ilitoka kwenye gome la mti wa sinkona, wanasayansi wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820, kabla na baada ya kutengwa ni kitu kilekile. Mmea unaotibu una nguvu, wenye nguvu unaweza kukuumiza. Akaniambia nisimfundishe historia.

Mmoja kwenye benchi akainuka akaondoka. Namwelewa.

Nikauliza tena, nje ya vidonge kuna kitu gani kingine unatumia? Hakuna. Chai yoyote, unga wowote? Hakuna, nimeshakwambia. Nikaanza kumhudumia mama mwingine wa habasoda, yeye amesimama palepale anagonga kaunta kwa funguo. Ndipo akakohoa, akafungua begi, akatoa kikopo akajimiminia unga kidogo kwenye kiganja akalamba. Nikamwuliza hicho nini baba. "Hii sio dawa, hii ya kikohozi tu, ya asili, nailamba asubuhi na jioni na mchana, ina utamu mzuri halafu haina sukari." Kikopo kina picha ya majani na jina zuri, lakini ndani kumewekwa nini hakuna herufi hata moja.

Utamu bila sukari. Nikashusha mtungi wangu wa urukususu, ile mizizi mitamu yenye nyuzi za njano, nikamkatia kijipande nikamwambia atafune. Akatafuna. Uso wake ukabadilika kidogo. "Ndo hii hii."

Urukususu ni mzuri kwa koo, mimi mwenyewe nauuza, ila nauza kwa siku chache na kwa mtu nisiyeona presha kwake. Ukitumia kila siku kwa muda mrefu unafanya mwili ushikilie chumvi na maji na kupoteza madini ya potasiamu. Presha inapanda, miguu inavimba, misuli inaishiwa nguvu, moyo unaweza kupiga ovyo. Nikamwomba apandishe suruali kidogo. Hakutaka, halafu akapandisha. Mpira wa soksi ulikuwa umezama kwenye mguu umeacha mtaro, nikabonyeza juu yake kwa kidole, shimo likabaki. Alama ya kidole changu ikawa pale, tunaiangalia wote wawili na yule mama wa habasoda.

Nikamwambia mimi sio daktari, siwezi kukuapia ndio sababu ya presha yako, lakini acha huo unga sasa hivi, usiache vidonge, na beba hicho kikopo uende nacho kliniki leo wakupime na potasiamu. Unajua alinijibu nini? "Kwa hiyo dawa ya presha huna." Nikasema choya ninayo, chai yake inaweza kushusha presha kidogo, tafiti zimeonyesha, ila kidogo tu, na haichukui nafasi ya vidonge, na wewe leo sikuuzii chochote mpaka daktari ajue unatumia nini. Akasema nimempotezea muda, atakwenda kwa mwingine mwenye dawa. Akaondoka na kikopo mkononi, kama anakwenda kliniki au kwa huyo mwingine sijui.

Karibu saa nzima ile. Mauzo sifuri, koo limekauka, na watu wanaosema sisi tunauza matumaini wangekuwepo pale waone.

Mchana, sijui saa ngapi

Chakula nilikula nimesimama. Niliyekuwa namsubiri ni kijana anayeniletea magome, alisema saa 7, alikuja nusu ya mchana imeshakwisha, na gunia lake nilipolifungua nikakasirika upya. Magome yamejikunja mazima mazima, duara kamili. Maana yake mti umebanduliwa pande zote. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi kinapita kwenye gome, ukilivua mzunguko mzima mizizi inakufa njaa na mti wote unafuata. Vua upande mmoja, kipande chembamba, acha jeraha lipone, mwakani njoo upande mwingine. Prunus africana, ambao magome yake yanatafutwa sana nchi za nje kwa ajili ya tezi dume, umewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya uvunaji wa namna hii hii. Nikamrudishia gunia. Alisema dada mti haukuwa wangu. Nikamwambia hata wangu haukuwa, lakini magome haya siyachukui. Tulibishana, tukanyamaza, mwisho akakubali wiki ijayo twende wote nimwonyeshe.

Baada ya hapo wateja walikuja wakaenda, mlonge, mwarobaini wa kuogea, mdalasini, sina kumbukumbu ya mpangilio. Mwarobaini nilimkatalia mama mmoja, mafuta yake alitaka amnyweshe mtoto mchanga, na yamewahi kuwadhuru vibaya watoto. Huyu alisikia mara ya kwanza akanishukuru, nikapata nguvu ya kumalizia jioni.

Nimefunga giza limeingia. Naandika kwenye daftari nani kachukua nini, kwa sababu mtu akirudi na vipele au tumbo lazima nijue nilimpa kutoka mtungi gani na wa tarehe gani. Mgongo huo.

Niko kitandani simu ikalia, mteja wangu wa siku nyingi, anakunywa vidonge vya kitunguu saumu kila siku na keshokutwa anafanyiwa upasuaji wa ngiri, anauliza aendelee au vipi. Nikakaa kitako. Kitunguu saumu kwa wingi kinapunguza damu kuganda, nikamwambia asinywe kingine, na ikifika tu asubuhi awaambie hospitali alivyokuwa anakunywa na kwa muda gani, wao ndio waamue kama wasogeze tarehe. Akauliza, na tangawizi? Nikamwambia nayo uwatajie, na manjano, vyote.